Kiporo Kwenye Ukurasa wa Salamu

Ijumaa iliyopita nilikabidhi funguo, kipanya cha kompyuta na kile kiti kinachoyumba mguu mmoja. Rula ya chuma sikukabidhi. Mkiikosa kwenye droo msimlaumu mtu, ninayo mimi hapa nyumbani na sina mpango wa kuirudisha. Mliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau, nami nimekubali. Ila msitegemee habari za vyeo. Katika kiwanda chetu kidogo cha uchapaji, nyuma ya soko la Ifakara, vyeo vilikuwa viwili tu: mwenye mashine, na wengine. Mimi Skolastika nilikuwa wengine kwa miaka zaidi ya thelathini, kazi yangu kupanga kurasa.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Damasi, mpangaji wa herufi tangu zama za herufi za risasi, mtu mwembamba asiyecheka kabla ya saa nne asubuhi. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa karatasi tupu na hiyo rula.

"Pima," akasema.

"Nipime nini, mzee? Haina kitu."

"Hicho hicho kisicho na kitu. Maandishi yatakuja yenyewe. Nafasi nyeupe haiji yenyewe, lazima umwekee mtu."

Nikapima weupe mpaka saa sita. Nilidhani ananipima akili, na huenda ndivyo, lakini mpaka leo nikiona ukurasa uliobanwa maandishi hadi ukingoni nasikia kukabwa koo. Ninyi mnaojaza kila pembe maua na nyota, mnajijua.

Jambo la pili alilonifundisha ni kiporo. Unapopanga ukurasa kabla mteja hajaleta maneno yake, unahitaji maneno ya kushikilia nafasi, uone safu inakaaje. Nimesikia kwingine wanatumia maneno ya kigeni yasiyo na maana. Mzee Damasi alitumia maneno ya kazi iliyopita. Kadi ya harusi ya mtu ilishikilia nafasi ya tangazo la mbegu, tangazo la mbegu likashikilia nafasi ya ratiba ya mitihani. Aliyaita kiporo, kama wali wa jana unaopashwa asubuhi, na sheria yake ilikuwa moja. Kiporo ni cha jikoni, hakiendi mezani kwa mgeni. Yeye mwenyewe aliivunja mara moja tu, programu ya mazishi ya katekista ikatoka na mstari usemao "punguzo kwa wanaochukua wawili". Tangu siku hiyo alisoma kila ukurasa kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza kabla mashine haijawashwa. Nami nikawa hivyo hivyo.

Mzee Damasi alifariki kabla hatujanunua kompyuta ya pili, akaniachia rula. Kompyuta nilijifunza kwa kuharibu. Miaka ikapita kwa kadi za harusi, vyeti vya chekechea na fulana zenye picha za marehemu. Kisha akaja Fredi.

Fredi alikuwa mwalimu wa kujitolea, kijana wa Mang'ula, mrefu, mwenye maneno mengi kuliko pumzi. Alitaka jarida la muziki wa kizazi kipya kwa wanafunzi wa sekondari wa bonde lote. Nilimuuliza nani atanunua karatasi wakati kila kitu kiko kwenye simu.

"Mama Skola, bweni hawaruhusiwi simu," akasema. "Kule ndani wanaimba nyimbo za mwaka juzi, na maneno wanakosea. Hao ndio wateja wetu."

Hoja ilikuwa nzuri. Jarida akaliita Kiitikio. Nikamwambia sawa, kurasa ngapi? Akasema ishirini na mbili, kwa sababu anaipenda namba hiyo. Ikabidi nimkunjie karatasi mbele ya macho yake, aone kwamba ukikunja na kupiga pini kurasa huja nne nne, uipende namba usiipende. Tukakubaliana ishirini na nne.

Kupanga jarida lile ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote, nasema bila aibu. Tulifunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye kabati tukaning'iniza kurasa kwa vibanio vya nguo, ishirini na nne, kila moja na mchoro wa penseli. Jalada, uso mmoja mkubwa usio na kofia. Ndani, maneno ya nyimbo kwa herufi zinazosomeka kwa mwanga hafifu wa bwenini. Katikati, bango la msanii la kubandika ukutani, na hapo tuligombana siku mbili, maana pini zilipita kooni mwa msanii. Nilimsogeza pembeni, Fredi akasema amekaa kama anayetaka kuondoka. Nikamjibu bora aondoke kuliko achomwe pini.

Ukurasa wa salamu za wasomaji nao Fredi aliuweka mwanzoni mwa jarida. Tulipotengeneza dami, yaani nakala ya majaribio, tuliwaita wasichana watatu wa kidato cha pili waje waifungue mbele yetu. Wote watatu walianzia nyuma. Basi salamu zikahamia ukurasa wa ishirini na tatu, visanduku kumi na viwili, kila kimoja na jina, mahali, anaowasalimu na ujumbe.

Kadi za salamu zilikuwa hazijafika, kwa hiyo kwenye dami nilitia kiporo. Visanduku kumi na kimoja nilivijaza kwa mabaki ya kadi za harusi. Cha kumi na mbili mabaki yaliisha, nikabuni kichwani. Ilikuwa mchana, joto la Novemba, shati limenigandia mgongoni, na nakumbuka vidole vyangu vilikuwa vya baridi hata nikavifuta kwenye sketi. Nikailaumu feni. Niliandika hivi, bila kufikiri:

Mimi Modesta wa Kivukoni. Namsalimu mama yangu aliyeko Lupiro. Ujumbe: Mama, usinisubiri kivukoni, nimeshavuka.

Modesta simjui. Sina ndugu wala jirani wa jina hilo. Habari ya kusubiri nilidhani imetoka utotoni, enzi za pantoni, watu wakikaa kwenye mchanga pale Kivukoni kutwa nzima wakitazama ng'ambo. Wakati ninaandika daraja lilikuwa limeshajengwa, hakuna tena aliyesubiri. Ndivyo nilivyodhani.

Mmoja wa wale wasichana alisoma kisanduku kile kwa sauti, kisha akakisoma tena.

"Mama, huyu Modesta vipi? Salamu zake zinatisha. Kavuka kwenda wapi sasa?"

"Hayupo," nikamwambia. "Hicho ni kiporo tu."

Wakacheka. Mimi sikucheka sana, sijui kwa nini.

Kadi za kweli zikaja, nyingi kuliko visanduku. Kijana mmoja wa Kisukuma aliwasalimu ng'ombe wake kwa majina, na hao walichukua visanduku viwili. Cha kumi na mbili nilimpa mwanafunzi wa Mang'ula aliyewasalimu wote wanaomfahamu. Niliusoma ukurasa kinyumenyume, nikauchapa kwa mashine, nikaenda kunywa chai.

Kosa nililigundua wakati wa kukunja. Nilichukua nakala moja kuangalia kama pini zimeshika, nikafungulia nyuma kama wasichana, na macho yakatua pale pale. Modesta wa Kivukoni. Nakala zote, lundo lote hadi kiunoni. Nilirudi kwenye kompyuta mbio. Kulikuwa na faili mbili, "salamu mwisho" na "salamu mwisho kabisa", na nilikuwa nimechapa ya kwanza. Lakini visanduku vingine kumi na kimoja kwenye faili hiyo vilikuwa na salamu za kweli. Cha kumi na mbili tu ndicho kilichobaki na kiporo, nami nilikuwa nimeusoma ukurasa ule, neno kwa neno, kutoka mwisho. Jinsi kilivyonipita sijui mpaka leo. Fredi alisema hakuna atakayegundua, gari la kupeleka shuleni linasubiri. Likaondoka nayo.

Siku ya nne, saa saba mchana, mvua ikinyesha, aliingia mama mmoja mtu mzima, karibu miaka sabini, kanga ya kichwani imelowa. Alikuwa amekumbatia kitu ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo mama," nikamwamkia. "Karibu, ukae."

"Marahaba, mdogo wangu. Sikai. Nimetoka Lupiro, nauza perege wakavu pale gulioni. Mjukuu wangu anasoma bweni, kaleta kitabu hiki nyumbani, kanisomea, maana mimi sijui kusoma." Akatoa Kiitikio, kikavu kabisa, akakifungulia nyuma. Kidole chake kilikwenda penyewe kwenye kisanduku cha kumi na mbili, ingawa alikuwa ameniambia hajui kusoma. "Namtafuta mtu aliyeleta salamu hizi."

Fredi alikuwa kwenye kona na kikombe chake. Nilimwona anakiweka mezani polepole.

"Mama, samahani," nikasema. "Huyu Modesta hayupo."

"Najua hayupo, mdogo wangu. Miaka yote hii najua hayupo. Mimi nauliza salamu nani kazileta."

Nilivuta kile kiti kibovu nikakaa. Yeye akaeleza akiwa amesimama, kwa sauti ya mtu aliyekwishaeleza mara nyingi. Modesta alikuwa kitinda mimba wake, akisoma sekondari hapa Ifakara. Mwaka wa mafuriko, kabla ya daraja, pantoni ilisimama, wanafunzi wakavushwa kwa mtumbwi. Mama alimsindikiza hadi ukingoni upande wa Ulanga, akamwambia atamsubiri pale pale Jumamosi. Mtumbwi ulionekana siku ya pili umenasa kwenye matete, mtupu. Wengine walipatikana. Modesta hakupatikana, si mwili, si kiatu. Baba yake alitaka matanga, mama akakataa. Utawekaje matanga ya mtu aliyesema atarudi Jumamosi?

"Basi kila Jumamosi naenda," akasema. "Daraja wamejenga, mimi nashuka chini yake, nakaa. Wananiona chizi. Na kila jioni namwekea sahani, naifunika. Asubuhi nakila mwenyewe hicho kiporo, nisitupe chakula."

Neno lile liliponifikia nywele zilinisimama. Ukiacha wale wasichana watatu, nje ya chumba kile hakuna aliyejua tunaliitaje neno la kujazia ukurasa.

Fredi alisogea. Ni mwema Fredi, lakini ulimi wake hutangulia. "Mama, pole sana. Hayo ni makosa ya uchapaji. Toleo lijalo tutasahihisha."

"Mtasahihisha nini, mwanangu?"

Fredi alirudi kwenye kikombe chake.

Mimi ndiye niliyekuwa na la kusema, na nawaambia wazi, niliogopa. Nikinyamaza, mama huyu angetoka hapo akiamini kuna mtu mahali fulani amekutana na binti yake, angemtafuta hadi afe. Nikisema nimebuni, ningekuwa nimemnyang'anya neno la kwanza alilopata kwa miaka yote ile, arudi chini ya daraja na sahani yake. Nilitazama rula mezani. Mzee Damasi hakuwahi kunifundisha kipimo cha jambo kama lile. Nikasema ukweli, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho.

"Mama, hakuna aliyeleta. Hakuna kadi. Niliandika mimi, hapa, kwenye kiti hiki. Nilibuni nijaze nafasi, kisha nikasahau kuziondoa. Nisamehe."

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ilibidi anisogelee.

"Jina ulilitoa wapi?"

"Sijui, mama."

"Ulijua mimi niko Lupiro?"

"Hapana."

"Ulijua namsubiri kivukoni?"

"Sikujua kama kuna mtu bado anasubiri pale."

Akatikisa kichwa taratibu, akakunja jarida, akalirudisha kwenye mfuko. "Basi si wewe uliyeandika," akasema.

Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akiwa amesimama, machozi tu bila sauti. Nilisimama nikamshika mikono. Mikono yake ilikuwa ya moto na mimi ndiye niliyekuwa wa baridi. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya kanga, akakaa kwenye kiti changu, akasema jambo ambalo Fredi alilikumbuka miaka yote.

"Haya, chukua kalamu. Salamu hujibiwa. Sisi hatukufundishwa kukaa na salamu za mtu."

Aliniambia maneno, nikayaandika kama alivyoyasema. Fredi alikuwa amekwishawaahidi watu visanduku vyote vya toleo la pili, akaanza kunung'unika, nikamwambia mwanafunzi wa Mang'ula anaweza kuwasalimu wote wanaomfahamu mwezi mwingine. Kisanduku cha kumi na mbili kikatoka hivi: Mimi mama Modesta wa Lupiro. Namsalimu mwanangu Modesta. Ujumbe: Nimezipata. Sitakuja tena Jumamosi.

Matanga yaliwekwa wiki moja baadaye, na nilikwenda na Fredi kwa pikipiki moja, mkoba wangu katikati. Padri alisoma misa, msalaba ukasimikwa kwenye kichuguu karibu na nyumba, mahali ambapo maji hayafiki. Nilipokwenda jikoni kusaidia kupakua niliiona sahani moja ya bluu imewekwa peke yake kichanjani, imeoshwa, imelazwa kifudifudi. Hakuna aliyeigusa, ingawa sahani hazikutosha na wengine tulikula kwenye sinia.

Kiitikio kilitoka mara saba kikafa. Waliokuwa bweni walimaliza shule wakapata simu, na waliowafuata walijua kuzificha. Fredi alihamia wilaya nyingine, anafundisha hesabu, jambo linalonichekesha nikikumbuka zile kurasa ishirini na mbili. Kwa wanaotaka somo la kazi, ni hili: msiite faili "mwisho". Hakuna faili ya mwisho. Wekeni namba.

Lakini sijamaliza, na ninyi mliokuwapo mwaka jana mnajua nusu tu ya hili.

Mwaka jana mama Modesta alifariki, uzee tu, usingizini. Mtoto wake mkubwa, Oska, alikuja kuchapisha programu ya mazishi, kurasa nne. Mlikuwa mmekwenda kula. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, ninafanyia kwenye laptop ya betri, nyimbo na masomo vimekaa vizuri. Ukurasa wa nyuma, chini ya shukrani, ikabaki nafasi. Mzee Damasi angesema iache, ni ya kwake marehemu. Mimi nikachora kisanduku.

Nilikaa mbele yake nikingoja. Nawaambia ukweli kama nilivyomwambia mama yule, nilikuwa nangoja vidole viandike vyenyewe. Havikuandika. Oska alikuwa barazani anaongea na simu, betri inapungua. Basi nikaamua kuandika mwenyewe, kwa makusudi, nikiijua kila herufi kabla sijaigusa: Mimi Modesta. Namsalimu mama. Ujumbe: Nipo.

Oska alipoingia nilimwonyesha. Alisoma, akavua kofia yake, akasoma tena.

"Hii kaleta nani, mama?"

"Nimeandika mimi, Oska. Ukitaka nitaifuta."

"Hapana," akasema. "Iache ilivyo."

Akatoka kumalizia simu yake. Mimi nikausoma ukurasa wote kinyumenyume, kuanzia "Nipo" kurudi juu, nikaona hakuna kosa. Ndipo nilipohisi vidole vyangu ni vya baridi, baridi ile ile, hadi kwenye kucha. Nikainua macho niilaumu feni. Ilikuwa imesimama.